Bwana Shamba na Wewe: Paka Mdogo Mwenye Viroboto na Minyoo

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Mahindi yakishaingia ghalani, yuko mgeni anayeyangoja. Mgeni huyo ni panya. Na mlinzi wetu wa tangu zamani dhidi ya panya ni paka.

Mwezi huu tuzungumze juu ya mlinzi huyo anapokuwa bado mdogo na mgonjwa. Huenda utacheka. Utasema, "Bwana Shamba, mbuzi wangu wanakohoa, nawe unaniletea habari za paka!" Cheka kidogo, kisha usome mpaka mwisho. Utaona kwamba habari ya paka ni habari ya chakula chako, na ni habari ya afya ya watoto wako.

KIKAPU CHA MTOTO

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa napalilia kabichi zangu. Hapa kwetu Lushoto asubuhi ni baridi na ukungu ni mwingi. Binti wa jirani yangu alikuja shambani na kikapu. Yeye anasoma darasa la nne.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

Alifunua kitambaa. Ndani ya kikapu alilala paka mdogo wa rangi ya majivu. Alikuwa na umri wa wiki 6 hivi. Mgongo ulikuwa mfupa mtupu, lakini tumbo lilikuwa kubwa, limekaza kama ngoma. Manyoya yalisimama ovyo. Viroboto walipita juu ya uso wake kama siafu njiani. Naye hakuwa na nguvu hata ya kujikuna.

Bibi yake alikuja nyuma taratibu na fimbo yake.

"Mwanangu," aliniambia, "mwambie mtoto huyu akamtupe. Walizaliwa watatu. Wawili wamekwisha kufa. Na mama yao naye amekonda, hata panya hamkimbii tena. Huyu naye amekwisha."

Binti hakusema neno. Alinitazama tu.

Ndugu msomaji, nataka nikuambie kweli. Nilipomtazama yule paka, niliona haya. Nilimkumbuka paka mwingine.

KOSA LANGU

Miaka 9 iliyopita nilikuwa na paka mdogo nyumbani. Naye alijaa viroboto. Mimi ni Bwana Shamba. Nina cheti cha kilimo. Watu huniuliza juu ya dawa, nami huwajibu. Kwa hiyo sikumwuliza mtu yeyote. Nilichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe. Nilichanganya kidogo na maji, nikamwosha paka wangu.

Viroboto walikufa. Nilifurahi. Baada ya saa chache paka alianza kutoka mate. Halafu alitetemeka. Halafu mwili mzima ulimkakamaa. Usiku ule alikufa mbele ya watoto wangu. Mwanangu mdogo aliniuliza, "Baba, dawa gani inaua mgonjwa?" Sikuwa na jibu.

Baadaye nilijifunza sababu. Paka si ng'ombe mdogo. Wala si mbwa mdogo. Ini la paka haliwezi kuvunja sumu nyingi ambazo ini la ng'ombe au la mbwa huzivunja. Tena paka hujilamba mwili mzima. Dawa unayompaka juu ya ngozi, yeye huila. Chuoni nilisomeshwa mimea na udongo. Paka sikumsoma. Kosa langu si kutojua. Kosa langu ni kutouliza.

Basi safari hii niliuliza. Nilimpigia simu mtaalamu wa mifugo wa kata yetu. Ni mama, nasi humwita Mama Mifugo. Haya ninayokuandikia ndiyo aliyonifundisha.

KWANZA JOTO, KISHA CHAKULA

Mimi nilitaka kuanza na viroboto. Mama Mifugo alisema, "Ngoja kwanza, kaka. Mguse masikio na nyayo. Ni vya baridi?" Vilikuwa baridi. "Sasa mfunue mdomo. Ufizi una rangi gani?" Ulikuwa mweupe kama unga.

Ufizi wa paka mzima ni wa rangi ya waridi, kama ndani ya mdomo wa mtoto mwenye afya. Ufizi mweupe maana yake damu imepungua. Kiroboto mmoja hunywa damu kidogo sana. Lakini viroboto wengi juu ya paka mdogo wanaweza kumnyonya mpaka afe. Minyoo nayo humnyang'anya chakula tumboni. Mnyama mmoja ana wezi wawili: mmoja nje, mwingine ndani.

Paka mdogo aliye baridi usimlishe upesi. Tumbo la mnyama aliyepoa halifanyi kazi. Mpashe joto kwanza. Sisi tulitia maji ya moto katika chupa, tukaifunga kwa kipande cha khanga, tukailaza pembeni mwake katika kikapu. Chupa isimguse bila kitambaa, maana itamwunguza. Na aachiwe nafasi ya kusogea mbali akisikia joto kupita kiasi.

Alikuwa amelegea sana. Kwa hiyo tulikoroga sukari kidogo katika maji ya vuguvugu. Binti alichovya kidole akampaka kwenye ufizi, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Baada ya muda ulimi ulitokeza. Alilamba. Bibi alisogeza kigoda chake karibu.

Masikio yalipopata joto ndipo tulipompa chakula. Tulichemsha dagaa bila chumvi, tukawaponda mpaka wakawa laini, tukaongeza supu yao. Tulimpa kijiko kimoja cha chai, tukapumzika, tukampa tena baada ya saa mbili. Usimpe chakula kingi kwa mara moja. Usimmiminie chakula mdomoni kwa nguvu, kinaweza kuingia mapafuni. Na usimpe maziwa mengi ya ng'ombe. Paka wengi wakinywa maziwa ya ng'ombe huharisha, na paka mgonjwa akiharisha hukauka maji upesi. Mwekee maji safi katika kisahani, wakati wote.

Paka ni mla nyama. Ugali mtupu haumwoteshi. Dagaa, utumbo wa samaki uliopikwa, kipande cha ini, au yai lililochemshwa vitamjenga. Lakini kitunguu na kitunguu saumu usimpe, maana huharibu damu yake.

VIROBOTO: VITA YA CHANUO NA SABUNI

Mchana jua lilitoka, na mgonjwa wetu alikuwa na joto na chakula tumboni. Sasa tuliwageukia viroboto.

Je, unajuaje kwamba ni viroboto, hata kama huwaoni wakiruka? Chana manyoya juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Ukiona punje nyeusi kama vumbi la mkaa, zitazame. Zikiyeyuka na kuacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto. Wekundu ule ni damu ya paka wako.

Fuata hatua hizi:

1. Fanya kazi hii mchana, mahali penye jua au karibu na moto, pasipo na upepo. Weka taulo kavu tayari.

2. Weka maji ya vuguvugu katika beseni. Yapime kwa kiwiko, kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

3. Tumia sabuni laini ya kuogea. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia.

4. Anza kupaka povu shingoni, kama mkufu. Viroboto wakisikia maji hukimbilia kichwani. Povu la shingoni huwazuia. Kisha osha mwili. Kichwa usikizamishe majini. Kifute kwa kitambaa.

5. Suuza vizuri. Fanya haraka. Dakika chache zinatosha.

6. Mkaushe mara moja kwa taulo. Mrudishe kwenye joto. Paka mdogo aliyelowa hupoa upesi na anaweza kufa kwa baridi.

7. Akishakauka, mchane kwa chanuo lenye meno membamba yaliyobanana, lile la kutolea chawa. Chana kuanzia kichwani kwenda mkiani. Kila kiroboto anayetoka mtumbukize katika kikombe cha maji ya sabuni. Katika maji matupu huweza kuruka akatoka. Katika maji ya sabuni huzama.

Binti alichana, nami nilihesabu. Siku ile ya kwanza tulitoa viroboto 73. Siku ya pili, 31. Siku ya tatu, 12. Hatukumwogesha tena siku hizo, tulimchana tu. Kama paka wako ni dhaifu sana, acha kabisa kumwogesha. Mchane tu, asubuhi na jioni.

Zipo dawa nzuri za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya paka. Lakini nyingi haziwafai paka walio chini ya wiki 8. Mwulize mtaalamu, mtajie umri na uzito wa paka wako. Usinunue dawa kwa sababu kwenye pakiti kuna picha ya mnyama mzuri. Soma maandishi. Wewe sasa unajua kusoma. Faida ya kisomo ni hiyo.

VITU VYA KUUA PAKA

Ndugu msomaji, sehemu hii isome mara mbili. Msomee na jirani yako.

Usimpake paka dawa ya kuogeshea ng'ombe, mbuzi au mbwa. Usimpake dawa ya kunyunyizia mazao wala ya kuhifadhia nafaka. Usimpake mafuta ya taa. Humwunguza ngozi, naye akiyalamba humdhuru ndani. Usimpe parasetamoli, ile dawa yetu ya homa na maumivu. Hata kipande cha kidonge kimoja kinaweza kumwua paka.

Kama mtu amekwisha kumpaka paka dawa ya ng'ombe kwa kutojua, usingoje atetemeke. Mwoshe mara moja kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu, msuuze, mkaushe, mfunike apate joto, umkimbize kwa mtaalamu wa mifugo. Ukifika, taja jina la dawa. Ningalijua haya miaka 9 iliyopita, labda paka wangu angalipona.

MINYOO: MWIZI WA NDANI

Jumatatu Mama Mifugo alifika na pikipiki yake. Tulimpima paka katika mizani ya dukani. Alikuwa na gramu 400. Paka wa wiki 6 anapaswa kuwa na gramu 600 hivi, au zaidi.

Mama Mifugo alieleza kuwa minyoo ya paka ni ya namna nyingi, lakini tukumbuke hasa miwili.

Wa kwanza ni mnyoo mviringo. Ni mrefu na mweupe, kama tambi. Paka mdogo humpata katika maziwa ya mama yake, au katika uchafu. Huyu ndiye anayemtia tumbo kubwa, kuharisha, kutapika na kukonda. Karibu kila paka mdogo wa kijijini anaye.

Wa pili ni tegu. Huyu ni bapa, na hutoa vipande vidogo. Vipande hivyo huonekana chini ya mkia au mahali paka alipolala. Vikiwa vibichi hujongea, vikikauka hufanana na punje za mchele au mbegu ndogo za tango. Sasa sikiliza ajabu hii. Aina moja ya tegu huingia kwa njia ya kiroboto. Buu wa kiroboto hula yai la tegu sakafuni. Akishakuwa kiroboto mzima, humrukia paka. Paka hujilamba, akamla kiroboto. Tegu amefika tumboni. Aina nyingine huingia paka anapokula panya.

Umeelewa sasa? Ukimpa paka dawa ya minyoo ukaacha viroboto, tegu atarudi. Ukiua viroboto ukaacha minyoo, paka ataendelea kukonda. Funga milango yote miwili.

Mama Mifugo alipima dawa ya maji iitwayo pirantel kulingana na uzito. Aliivuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, akaidondosha pembeni mwa mdomo, pole pole. Paka alimeza. Asubuhi yake binti alikuja mbio kuniita. Katika kinyesi kulikuwa na minyoo kama tambi, mingine bado inajinyonganyonga. Bibi aliitazama, akashika kinywa. "Kumbe alikuwa akilisha wenzake," alisema.

Dozi moja haitoshi. Dawa huua minyoo iliyomo utumboni. Minyoo michanga iliyo safarini mwilini hubaki, nayo baadaye hushuka utumboni. Ndiyo sababu dawa hurudiwa. Utaratibu ni huu:

Paka mdogo aanze dawa akiwa na wiki 3. Arudiwe kila baada ya wiki 2 mpaka afike wiki 8. Halafu apewe kila mwezi mpaka miezi 6. Baada ya hapo, paka anayewinda panya apewe kila baada ya miezi 3.

Mama wa paka apewe dawa pia, maana ndiye chanzo. Dawa ya tegu ni nyingine. Huitwa prazikwanteli. Watoto wengi wa shule wameimeza kwa ajili ya kichocho. Lakini usikate kidonge cha mtoto ukampa paka kwa kukisia. Wala usimpe dawa ya minyoo ya mbuzi. Nyingine ni kali mno kwake. Dozi ni uzito, na uzito ni mizani.

NYUMBA NAYO NI MGONJWA

Binti aliniuliza, "Baba, tumewatoa viroboto wote. Mbona leo nimeona wengine?"

Swali zuri. Kiroboto jike hutaga mayai mpaka 40 au zaidi kwa siku. Mayai hayakai juu ya paka. Huanguka alipolala: katika gunia, katika vumbi, katika nyufa za sakafu. Huko huanguliwa mabuu. Mabuu hujifunga katika vifuko, na ndani ya kifuko kiroboto anaweza kungoja miezi, mpaka asikie kishindo na joto la mnyama apitaye. Viroboto unaowaona juu ya paka ni wachache. Walio wengi wamo nyumbani mwako.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Gunia alilolalia paka tulilichoma moto. Tulimtengea kitambaa chake mwenyewe. Kila siku ya nne tulikitia katika maji yanayochemka, tukakianika juani. Buu wa kiroboto hapendi jua wala ukavu. Nyumba tuliifagia kila siku, hasa pembeni, chini ya vitanda na karibu na mafiga. Tulinyunyiza maji kidogo kwanza ili vumbi lisiruke. Takataka tulizichoma. Nyufa za sakafu tuliziziba kwa udongo. Mama wa paka naye tulimchana. Kazi hii tuliifanya kwa wiki 6 bila kuchoka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

WATOTO WETU NA WAMA WAJAWAZITO

Yule binti ana mdogo wake wa miaka 2. Hutambaa na kucheza uani, na kila akionacho hukitia mdomoni, hata udongo. Hapa ndipo habari ya paka inapokuwa habari yetu.

Mayai ya mnyoo mviringo hutoka katika kinyesi cha paka. Siku hiyo hiyo bado hayana nguvu ya kumwambukiza mtu. Yakikaa udongoni wiki kadhaa, hukomaa. Mtoto akila udongo ule, mayai huanguliwa tumboni mwake. Minyoo michanga hutembea mwilini, nayo huweza kudhuru ini, mapafu, hata jicho. Kwa hiyo kinyesi cha paka kifukiwe mbali au kitupwe chooni kila siku. Paka atengewe sanduku la mchanga au majivu. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo, na kabla ya kula. Mtoto akiwa na tumbo kubwa, mpeleke zahanati.

Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka. Humo huweza kuwa na vijidudu vingine vinavyodhuru mtoto tumboni. Mwingine wa nyumbani afanye kazi hiyo.

Paka akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, uende zahanati siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Naye akifika miezi 3 achanjwe.

Na sisi wa Lushoto tuna neno letu la kuongeza. Wazee wanakumbuka. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya yetu, ikawa inarudi kwa miaka zaidi ya 20. Watu wengi waliugua, wengine walikufa. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Paka akila panya mgonjwa anaweza kuugua, au kuleta viroboto hao nyumbani. Kwa hiyo ukiona panya wanakufa ovyo bila kutegewa, au paka ana homa na uvimbe shingoni, usimguse kwa mikono mitupu. Toa habari kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa zahanati siku hiyo hiyo.

LEO YUKO WAPI?

Ndugu msomaji, najua unangoja kuuliza. Paka wetu alikuwa na usiku mmoja mbaya. Ilikuwa usiku wa Jumapili. Aliacha kula, akalala kama kitambaa. Binti aliomba ruhusa alale kwetu. Mke wangu alibadili maji ya chupa mara tatu, na kila mara binti alimpaka sukari kwenye ufizi. Alfajiri paka alilia. Sauti ilikuwa ndogo kama mlango unaohitaji mafuta. Mke wangu alisema, "Anadai dagaa wake huyo."

Baada ya wiki 3 alikuwa na gramu 750. Ufizi ulirudia rangi yake. Tumbo likapungua. Sasa ana miezi 7. Mama yake naye amenenepa, amerudi kazini. Mwezi uliopita nilipita kwa jirani. Bibi alikuwa ghalani anapima mahindi kwa debe.

"Shikamoo, mama. Panya je?"

"Marahaba, mwanangu. Panya wamehamia kwako," alisema. Paka wa rangi ya majivu alikuwa amelala juu ya gunia, jicho moja wazi.

Dawa zote, pamoja na nauli ya Mama Mifugo, hazikufika bei ya debe moja la mahindi. Panya wangekula madebe mangapi kabla ya mavuno mengine? Piga hesabu mwenyewe.

Lakini hatukushinda kwa dawa tu. Tulishinda kwa sababu mtoto hakumtupa mgonjwa wake, na kwa sababu mtu mzima alikubali kuuliza. Nami nakuomba, usione haya kuuliza. Anayeuliza hapotei njia. Mimi ambaye sikuuliza, niliipotea.

Tukutane mwezi ujao. Tutazungumza juu ya kutengeneza ghala lisilopandwa na panya.

Wasalaam,
Bwana Shamba wenu

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini paka mdogo aliye baridi apashwe joto kabla ya kulishwa?
2. Utajuaje kwamba punje nyeusi katika manyoya ni kinyesi cha kiroboto?
3. Tegu humwingiaje paka kwa njia ya kiroboto?
4. Taja vitu vinne ambavyo usimpake wala usimpe paka.
5. Je, hapa kijijini kwetu nani anaweza kutuelekeza juu ya dawa za wanyama? Yuko wapi? Kikundi kiandike jina lake ubaoni.

MANENO MAPYA

Buu: mtoto wa mdudu, aliye kama mnyoo mdogo.
Dozi: kipimo cha dawa cha mara moja.
Tegu: mnyoo bapa wa tumboni.
Ufizi: nyama inayoshika meno.